Mwalimu Aliuliza Dawa Ni ya Nini

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Namshukuru Mola aliyenipa pumzi ya kusimama hapa Gombani, katika mkutano wetu wa wanaouguza na waliofiwa, maana mwaka jana wakati kama huu nisingeweza kutamka maneno mawili mbele ya watu. Mkiniona nanyamaza njiani, nistahamilieni. Miye ni mkulima wa Ole. Kusema mbele ya watu ilikuwa kazi ya mke wangu.

Yeye akisomesha watoto Kurani barazani petu. Mtaa mzima ukimwita Mwalimu, na miye mumewe nikamwita hivyo hivyo, tukacheka, mpaka likawa ndilo jina lake nyumbani.

Maradhi yalianza kwa kiungulia. Tukasema vidonda vya tumbo, nani hana? Tukanunua dawa dukani, zikamtuliza, tukasahau. Kisha akawa anashiba kwa tonge mbili. Akiniambia, "Babaake, chakula kinasimama hapa," ananionesha chini ya kifua. Magauni yakaanza kumpwaya. Wapo waliosema kafanyiwa jambo, tukaletewa makombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, akanywa. Miye sisemi vibaya kombe, dua ni dua. Lakini kombe na hospitali hazigombani, ndugu zangu, nasi tulizifanya kama zinagombana.

Siku alipotapika vitu vyeusi mfano wa mashapo ya kahawa ndipo tulipokimbilia hospitali ya Chake. Wakamtia damu, wakatupeleka Unguja, na Unguja wakatupeleka Dar. Huko wakampitisha mpira wenye kamera kooni, wakachukua kinyama cha kupima, wakampiga na picha ya mwili mzima.

Daktari alikuwa binti wa Bara, mpole. Akasema, "Mama, ni saratani ya tumbo. Na imeshatoka tumboni, imefika kwenye ini."

Nikadakia miye: "Basi ikateni."

"Baba, tunakata ikiwa iko pahala pamoja. Hii imesambaa. Tukilikata tumbo, ya kwenye ini inabaki palepale, na yeye tumemzidishia udhaifu."

Mwalimu hakutikisika. Akamtazama yule binti akamuuliza, "Mwanangu, hiyo dawa mnayotaka kunipa ni ya nini? Ya kuniponya, au ya kuniongezea siku?"

Daktari akavuta kiti chake, akakaa karibu naye. "Ni ya kuongeza siku, mama, na kuzifanya siku zenyewe ziwe nyepesi. Ya kukuponya kabisa, kwa hali hii, hatuna. Sitaki kukuficha."

Nawaambia, nilimchukia yule binti siku ile. Leo namuombea dua.

Akatueleza bila haraka. Kwamba kuna dawa za mshipa, zinazotiwa kwa dripu, za kuipunguza saratani, wengine zinawafaa na wengine haziwafai. Kwamba kile kinyama watakipima tena waone kama kuna dawa nyingine ya kuongeza. Kilipopimwa, kwake haikuwepo. Kwamba chakula kikiziba kabisa, wanaweza kutia mrija ndani wa kuizuia njia isijifunge. Akivuja damu, mionzi kidogo yaweza kuikausha. Na dawa ya maumivu, akasema, hiyo ni haki yake tangu leo, si ya kungojea mwisho.

Mwalimu akazikubali dawa za mshipa. Sitawapamba. Nywele zilitoka, mdomo ukafanya vidonda, vidole vikafa ganzi hata vifungo vya gauni nikawa namfunga miye. Lakini zilimfaa! Akaanza kula. Siku moja tumerudi Pemba kupumzika, akaniagiza muhogo wa nazi, akala, akaongeza. Nilitoka uwani nikalia peke yangu kwa furaha. Watoto wakarudi barazani, akasomesha, na binti yetu mdogo akaolewa mamaake yupo, kakaa kitako ukumbini anapokea wageni. Zile siku tulizoongezewa, ndugu zangu, hazikuwa siku za bure.

Kisha tumbo likaanza kujaa maji. Tukarudi Dar, picha zikaonesha dawa imeshindwa. Daktari akasema ipo dawa ya pili, lakini tumaini lake ni dogo zaidi na mwili umechoka. Ama aache dripu, arudi kwao, atibiwe maumivu na maji yatolewe yanapomsumbua.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi. Shemegi yangu, kaka yake mkubwa, alikuwa nasi. Akasema, "Tuuze mikarafuu, twende India. Utamuacha dada yangu afe hivi hivi?" Daktari akamwambia kwamba hata huko, kwa maradhi yalipofika, dawa zingekuwa za namna hizi hizi. Hakusikia. Na miye nilikuwa upande wa shemegi. Nilitaka dripu, nilitaka India, nilitaka chochote isipokuwa kurudi Pemba kungoja. Tukawa tunasemezana juu ya kitanda, huku na huku, kama watu wanaogawana shamba la marehemu.

Mwalimu akagonga chuma cha kitanda kwa pete yake. "Nyamazeni. Huo mwili mnaougombania ni wa nani?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Dawa ya kwanza niliitaka, nimeitumia, nimeiona faida yake, alhamdulillahi. Hii ya pili siitaki. Miye nataka kwangu. Nataka kusikia watoto wakisoma. Kaka, n'sikize: ukinirudisha nyumbani hutoniua. Maradhi ndiyo yatakayoniua, na Mungu ndiye aliyepanga."

Shemegi akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akalia kama aliyefiwa. Mwalimu akashusha mkono akamuwekea kichwani. Na miye ndipo nilipofahamu kwamba mgonjwa alikuwa keshafika mahala, sisi wazima tungali njiani.

Tukamrudisha Ole. Muuguzi akija kwa pikipiki kutoka Chake, akatuletea morfini ya maji, akanifundisha kuipima. Majirani wakaninong'oneza: "Hiyo ni dawa ya kummaliza mtu." Nikamuuliza muuguzi waziwazi. Akanijibu, "Baba, maumivu ndiyo yanayommaliza. Kwa kipimo hiki, hii inampumzisha." Na ilikuwa hivyo. Mtu aliyekuwa akiuma mto akawa analala, akiamka anazungumza na wanawe. Shemegi akiwachukua watoto wa chuo chake cha Kurani, anawakalisha chini ya dirisha lake wasome. Miye nilijifunza kumwosha, kumgeuza, kumpaka mafuta miguuni. Sikujua kama mikono hii ya jembe inaweza mambo hayo.

Aliondoka asubuhi. Alitaka maji, nikampa kwa kijiko. Akatamka shahada pamoja nami. Kisha akapumua kwa mbali, kwa mbali zaidi, basi.

Nisameheni kidogo.

Baada ya hitma kila mtu akarudi kwake, nami nikaanguka. Watoto wa chuo niliwahamishia nyumba nyingine kwa sababu sauti zao sikuziweza. Karafuu ziliwiva, sikupanda mti hata mmoja kuzichuma. Msikitini nikiswali safu ya nyuma nipate kutoka kwanza. Binti yangu akileta chakula, anakuta cha jana.

Siku moja akaja mtu wa makamo kutoka Mtambile. Simjui. Mamaake kakutwa na maradhi yale yale, yamesambaa, na nyumba nzima wamekubaliana wamfiche. Akasema, "Mzee, nimesikia weye umepita njia hii. Twende nami hospitali. Miye sijui hata kuuliza nini." Nilitaka kukataa. Mdomo ukasema, "Ngoja nivae kanzu."

Tukakaa na mama yule mbele ya daktari. Mwanawe akimwashiria daktari asiseme. Miye nikasema, "Bibi, unataka kuambiwa?" Akajibu papo hapo, "Tangu lini nangoja mtu aniulize!" Akaelezwa, akauliza kwa marefu, akachagua dripu, na mpaka leo yumo katika dawa. Hakuchagua kama Mwalimu alivyochagua mwisho, na kachagua vyema. Siku ile nilikula kwao Mtambile, na chakula kikawa na ladha mdomoni mwangu.

Tangu hapo nafuatana na wagonjwa. Nimerudi shambani. Machozi hayajaisha, na sikuja hapa kuwaambia kwamba yamekwisha.

Namshukuru daktari aliyetwambia kweli, muuguzi wa pikipiki, shemegi yangu aliyeshinda chini ya dirisha lile, binti yangu, na nyinyi mlionipokea nikiwa sina neno. Mola akulipeni kheri.

Nina moja la kuwaachia. Tonge zikipungua na kiungulia kisipoondoka, nendeni mkapimwe mapema. Na maradhi yakishakuwa makubwa, msikimbilie kugombana juu ya kitanda. Muulizeni mgonjwa mwenyewe anataka nini. Kisha nyamazeni, ajibu.