Alvin Sedlacek na Goti la Leonard Kubik

Tunayemzika leo ni Alvin Josef Sedlacek. Wasifu huu aliuagiza mwenyewe akiwa kitandani, akampa mjukuu wake anayeusoma hapa sharti moja: "Usinipake sukari. Na hakikisha Leonard amekaa mbele." Mzee Leonard Kubik amekaa mbele. Basi tuanze.

Alvin alizaliwa tarehe 9 Machi 1924 shambani karibu na Zelena, Nebraska, mtoto wa tatu wa Josef na Antonie. Leonard alizaliwa shamba la jirani wiki sita baadaye. Walikua wakipigana: kwa ajili ya baiskeli, kwa ajili ya nguruwe, na siku nyingine bila sababu, halafu wanakula meza moja. Leonard alipokuwa na miaka kumi na mbili alianguka kutoka juu ya ghala la nyasi, goti la kushoto likateguka. Alvin alimbeba mgongoni maili mbili. Goti halikupona sawasawa, na nje ya familia hizo mbili hakuna aliyejua.

Mwaka 1942 waliingia Chuo cha Dorrance, wote kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi na kuangushana. Julai 1943 jeshi la majini likawachukua hapohapo chuoni: asubuhi darasani na sare za ubaharia, jioni uwanjani. Vijana walijua wanakopelekwa baadaye, kwa hiyo walicheza kama watu wasio na kesho. Mechi ya kwanza beki mmoja alitema meno matatu, akayatia kwenye soksi, akaendelea. Mechi ya tatu Alvin alivunjwa pua. Kocha aliinyoosha kwa vidole gumba.

"Afadhali sasa, kuliko ile uliyopewa na mama yako," Leonard alimwambia.

"Nyamaza wewe, mguu kombo."

Tarehe 1 Novemba jeshi likabandika orodha ya uhamisho. Leonard akapelekwa Chuo cha Saint Wendel, mahasimu wao wakubwa, na wakati wa vita mchezaji aliruhusiwa kuichezea timu ya huko wiki hiyohiyo. Jumamosi ya tarehe 20 alirudi Dorrance amevaa jezi nyekundu. Kufikia mapumziko alikuwa ameshafunga mara mbili, akivuka mstari wa mwisho na mpira kwapani, na kila akimpita Alvin anamtupia neno: "Vipi ndugu yangu, umekanyaga gundi?"

Kwenye chumba cha timu, Kocha Tillotson aliipiga ndoo teke. "Nani hapa anamjua huyu Kubik?"

Alvin akasema, "Goti la kushoto."

Hakuna aliyemlazimisha. Robo ya mwisho Leonard alikuwa ameshazuiwa na watu wawili, amesimama, hana pa kwenda. Alvin alikuja mbio, akashusha bega, akalivaa goti kwa pembeni. Mlio ulifika jukwaani, kama kuni kavu inayovunjwa. Mguu ulipinda upande ambao miguu haipindi. Leonard alilia akimwita mama yake. Watu wa Dorrance wakashangilia. Walishinda 14 kwa 13.

Leonard hakwenda vitani. Alvin alifeli hesabu za uofisa, akafanywa mwendesha boti ya kuteremsha askari. Februari 1945, kwenye kisiwa cha Iwo Jima huko Japani, kila mlango wa boti ulipofunguka risasi ziliingia kabla askari hawajatoka. Aliosha damu kwa ndoo, akarudi kupakia wengine. Safari kumi na moja. Kati ya vijana wa Saint Wendel waliocheza Jumamosi ile, sita hawakurudi kutoka vitani.

Ndipo hadithi ikaanza: Alvin alimvunja Leonard ili kumwokoa. Tarehe 12 Juni 1948 alimwoa Vlasta Jelinek, na Leonard, msimamizi wake, akainua glasi: "Huyu jamaa alinivunja mguu ili nisipasuliwe kichwa! Kwa afya ya goti langu!" Ukumbi ukacheka. Alvin naye akacheka. Alisema hicho kicheko kilikuwa kosa kubwa kuliko lile la uwanjani.

Kuanzia mwaka uliofuata, kila Novemba 20, Leonard alimletea bata bukini wa kuoka. Mwanawe wa kwanza alimwita Alvin.

Marehemu alifanya kazi machinjioni Omaha miaka thelathini na minne. Damu hakuiogopa. Uwanja wa mpira hakuukanyaga tena.

Mwaka jana moyo ulianza kumshinda. Novemba, hospitalini, alimshika mjukuu mkono. "Nilitaka kushinda, basi. Vita sikuviwaza hata kidogo. Mwambie."

"Mwambie mwenyewe, babu. Yuko hapo nje na bata wake."

"Nimejaribu mara sabini."

Leonard akaingia, akamkatia paja la bata. Babu alikula, akamshukuru, lile jambo hakulisema. Alifariki Jumatatu, tarehe 14 Januari 2019, saa kumi na moja alfajiri.

Vlasta alitangulia mwaka 2006. Marehemu ameacha watoto watatu, Georgia, Dennis na Marlene, wajukuu saba, vitukuu wanne, nusu ya bata kwenye friza, na Mzee Leonard Kubik, ambaye sasa amesikia.

Babu apumzike kwa amani. Mzee Leonard, ruhusa ya kumzika ni yako.