Vitumbua vya Mama Zulfa

"Ruangwa hakuna jiko nisilolijua," Imrani alijigamba tangu gari linatoka Nachingwea, ingawa mji wenyewe alishaupita mara moja tu, tena kasinzia. Mwalimu Scholastika, aliyekuwa akihamia huko, akamgeukia haraka. Yeye akionja ngano tu, analazwa.

"Basi nenda kwa Mama Zulfa, dada. Vitumbua vya mchele mtupu. Mimi mteja wake wa kila asubuhi." Jina hilo alilidaka stendi, watu wakilisifia.

"Kaka, umeniokoa. Nimechoka chai na muhogo," alisema Scholastika, uso umemchanuka.

Gari likisimama Ruangwa, mama wa kiti cha nyuma akainama mbele. "Mwalimu, huwa natia ngano kidogo vishikane. Kwako nitaacha. Ila huyu mteja wangu wa kila asubuhi, ndiyo kwanza namwona."