Barua za Maduhu Nyuma ya Kioo

Benchi letu liko Segese, ubavuni mwa karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Hapa hakuna anayenong'ona: ukitaka kusikika unapaza sauti, na ukipaza kwa muda mrefu hasira inakuja yenyewe. Mimi ni Bhoke, muuza kahawa, wateja huniita Mama Wema. Nilihamia huku kutoka Tarime miaka tisa iliyopita, kwa hiyo mambo ya zamani ya Segese nayajua kwa kusikia. Wenyeji wa benchi ni watatu. Kuna Mzee Nyundo, aliyesimamia maduara mengi, yaani mashimo ya dhahabu, kabla magoti hayajamkatalia. Kuna Wakili, ambaye hajasoma sheria ila aliwahi kufagia mahakama ya mwanzo. Na kuna Mayala, fundi wa pampu, mtu wa maneno machache. Asubuhi ile Wakili alifika na simu mkononi, hata salamu hakutoa.

WAKILI: Jamani, mmeona? Barua za Maduhu zimeuzwa Dar! Zimetiwa kwenye fremu, na kioo juu!

NYUNDO: Maduhu yupi?

WAKILI: Mzee, acha utani. Maduhu mchongaji, marehemu, mume wa Rhoda.

Hakuna asiyemjua Maduhu hapa. Alianza kwa kukata matimba, yale magogo yanayozuia udongo usiporomoke ndani ya duara. Kisha duara moja likaanguka likamfukia Charles, kaka yake Mayala. Wiki hiyohiyo Maduhu akaondoka Segese. Huko Dar akawa anachonga watu kutoka kwenye matimba makuukuu, watu waliozama ndani ya mti hadi kiunoni. Sanamu zake zikasifika, wazungu wakazinunua. Yeye hakurudi tena kuishi, ila alimwandikia mkewe barua miaka yote, mpaka alipofariki.

NYUNDO: Sasa barua ya mtu ya nini? Sanamu naelewa, unaiweka sebuleni. Barua unaiweka wapi?

WAKILI: Ndiyo mtindo wa matajiri, mzee. Mchongaji akishakufa hachongi tena, basi wanagombania alichogusa. Barua zake, soksi zake, hata risiti ya dukani. Na kama barua ina mchoro wa mkono wake, ndiyo kabisa, wanatoana macho.

NYUNDO: Uongo. Mimi nakwambia wanatafuta wino. Wino wa zamani una zebaki. Wanazichemsha hizo.

WAKILI: Zebaki ya barua arobaini itakamata dhahabu gani? Hapana. Maduhu aliujua mwamba. Ameandika kwa mafumbo mkanda wa dhahabu unakopita. "Nakukumbuka mke wangu" maana yake mita thelathini kwenda kusini. Mwaka kesho utaona kampuni inakuja na mitambo, na sisi tunahamishwa!

NYUNDO: Basi tusikae! Usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo twende Dar tukawabomolee huo ukuta!

Nikacheka kidogo. Mayala hakucheka. Alinyoosha mkono.

MAYALA: Lete hiyo simu karibu, usome, Wakili. Kuna maandishi hapo kwenye picha.

Wakili akakuza picha, akasoma kwa sauti ya kushindana na karasha:

"Rhoda mke wangu. Timba la tatu kutoka mlangoni nililikata mimi, na nilijua limeliwa na mchwa. Charles aliniuliza kama ni zima. Nikamjibu ni zima, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikutaka kurudi porini kukata jingine. Nimekuchorea mahali alipo. Siku ukipata moyo, mwonyeshe mama yake."

Wakili alipofika "mwonyeshe mama yake" sauti ilikuwa imeshuka, lakini sote tulisikia. Mayala aliweka kikombe chini, kahawa ikamwagika kwenye kiatu chake, wala hakujifuta.

MAYALA: Rudia hapo kwenye timba.

WAKILI: Mayala, ndugu yangu...

MAYALA: Nimesema rudia!

Hakurudia. Mayala akamnyang'anya simu, akaisoma mwenyewe. Chini ya maandishi kulikuwa na mchoro: kilima, korongo, mti uliogawanyika mara mbili. Chini ya mti mstari ulianza, halafu mbao ya fremu ikaufunika.

MAYALA: Mama yangu alifia kijijini Didia mwaka jana. Mpaka anakufa alikuwa anaacha ugali wa Charles kwenye sahani. Tukimwambia amekufa, anasema nionyesheni kaburi. Ukienda kulitafuta lile duara unakuta pori na vifusi, na hata wazee wanasema hawakumbuki ni lipi. Kumbe ramani ipo! Ipo miaka yote, kwenye kabati la jirani!

Akapiga namba ya wauzaji iliyokuwa chini ya picha, akaweka sauti ya nje. Alipokea mwanamke mpole sana. Mayala akamweleza: hataki barua, anataka picha ya mchoro mzima tu, amtafute kaka yake. Yule mwanamke akasema pole. Kisha akasema kazi ile imeshanunuliwa, mwenyewe hapendi kujulikana, na mchoro hauruhusiwi kupigwa picha zaidi bila idhini yake. Akasema ni mchoro wenye hisia kali sana.

MAYALA: Hisia? Dada, huyo ni mtu! Huyo ni kaka yangu yuko hapo chini ya mti!

Simu ikakatwa.

Ni wakati huo Rhoda alifika. Habari zilikuwa zimemfikia sokoni, amekuja bila hata kapu lake.

"Wangaluka, mayu," Nyundo akamwamkia kwa Kisukuma. Hakuitikia.

RHODA: Nani anasoma barua ya mume wangu kijiweni kama matokeo ya mpira?

MAYALA: Mimi! Shikamoo, shemeji, na baada ya shikamoo unijibu. Ulijua?

RHODA: Nilijua.

MAYALA: Mama yangu ulikuwa unampelekea karanga kila Krismasi. Ukikaa naye, unakula naye, na unajua!

RHODA: Nilikwenda Didia mara nne na barua ndani ya sidiria. Mara nne, Mayala. Nikifika, mama yako ananishika mikono, ananiuliza Maduhu anaendeleaje, ananiombea. Ungenipa ulimi gani mimi?

MAYALA: Kwa hiyo ukaziuza.

RHODA: Sikuuza! Alikuja yule Athanas, amevaa miwani, anasema anaandika kitabu cha mume wangu. Anazichukua wiki mbili, anatoa nakala, anarudisha. Akanisainisha karatasi. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu azichukue. Simu hapokei.

WAKILI: Hiyo karatasi ndiyo iliyokuua, mama. Ulisaini mauzo.

RHODA: Nilisaini kwa sababu nilitaka mtu azitoe nyumbani! Umenielewa? Nilikuwa silali humo ndani nazo. Lakini sikusema azitundike ukutani watu wanywe mvinyo wakizitazama. Hiyo sikusema!

NYUNDO: Mgeni njoo mwenyeji apone. Huyo Athanas nikimpata nitampasua! Na Maduhu mwenyewe, Mungu anisamehe, muuaji! Mtu anajua timba limeoza, anamwingiza mwenzake, kisha anakwenda kuchonga sanamu. Muuaji!

WAKILI: Muuaji na mwoga. Na huyo tajiri mwenye kioo, na huyo dada wa simu, wote lao moja!

Walikuwa wamesimama sasa, kila mmoja anataja nani wa kupigwa na nani wa kushtakiwa. Rhoda analia kwa hasira, Mayala ameshika simu kama jiwe la kurusha.

Kwenye ukingo wa benchi alikuwa amekaa mchimbaji mgeni, Nasibu, aliyetoka Masumbwe na viroba vyake vya mawe, anasubiri zamu ya karasha. Alikuwa amesikiliza yote. Akanirudishia kikombe, akawageukia.

NASIBU: Shikamooni wazee. Samahani, mimi mgeni. Huyo Charles alipofukiwa, ninyi mlichimba siku ngapi kumtafuta?

Karasha liliendelea kusaga. Wakili alianza kusugua kiganja kama anafuta kioo cha simu, ambayo haikuwa mkononi mwake tena. Mimi sikuwepo enzi hizo, kwa hiyo nami nilikuwa nangoja kusikia.

Mayala akamgeukia Nyundo taratibu.

MAYALA: Mimi nilikuwa shuleni Didia. Tuliambiwa mlichimba mpaka mkashindwa. Wewe ndiye uliyekuwa msimamizi wa duara lile, mzee. Mjibu mgeni.

Nyundo aliinua mkono kuhesabu siku kwa vidole, akaushusha bila kukunja hata kimoja. Akamtazama Wakili, Wakili akatazama chini.

Rhoda akafuta uso kwa khanga, akaketi kwenye benchi kati yao, mikono juu ya magoti, akamkazia macho mzee.