Mama Aimée Bosele, Aliyewasomea Katuni Watu wa Lubunga

Mama Aimée Bosele alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa Papa Noël Bosele, mvuvi, na Mama Lydie. Alisoma shule ya msingi palepale, kisha akaletwa Kisangani kwa sekondari. Baba yake alipofariki mwaka 1986 karo ilikosekana, akaishia mwaka wa nne. Kifaransa alichokipata hakikumtoka.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na Papa Timothée Likunde, fundi wa reli, wakakaa Lubunga. Kwa miaka ishirini na tisa aliuza samaki wa kukaushwa sokoni.

Mmoja wa wazee wetu aliomba yanayofuata yasisomwe leo hapa msibani, ili tusichekwe. Tunayasoma.

Mwaka 2019 mjukuu wake Benie alivunjika mguu, akalala nyumbani miezi miwili. Mama Aimée akamwekea katuni ya mfululizo kutoka Japani, juu ya familia inayovusha watu mtoni. Maneno ya Kifaransa yalipita chini ya picha. Benie alikuwa hajajua kusoma, basi bibi akamsomea kwa Kiswahili, akimpa kila mtu sauti yake. Majirani wakasikia dirishani. Mguu ulipopona, ua ulikuwa umejaa, na waliowahi viti vya mbele walikuwa wazee. Binti yake Larissa akapiga simu kutoka Bujumbura: huko nako mtaa mzima unaifuata. "Mama, usiniambie mwisho wake."

Februari mwaka huu walikuja maajenti, watumishi wa ofisi moja ya serikali ya ng'ambo ya mto. Mkubwa wao akawatazama wazee waliokaa.

"Mama, hii iko mambo ya batoto. Batu bazima banatafuta nini humu?"

"Na ule mwenye kuichora," Mama Aimée akamjibu, "yeye iko mutoto?"

Wakachukua televisheni bila kutaja kosa. Hawakuacha hata karatasi ya kuidai.

Alivuka mto mara tano kuiomba. Mara ya tano, tarehe 11 Juni, aliikuta imewashwa mezani, maajenti wamekaa mbele yake, katuni ni ileile. "Rudia kesho, mama, tuko kwa kazi," mmoja akasema bila kugeuka. Siku hiyo hakula. Alimwambia Papa Timothée neno moja tu: "Banacheka pale sisi tunaliaka."

Tansio, yaani shinikizo la damu, alikuwa nayo tangu 2021, na dawa iliituliza. Baada ya siku ile ilipanda, haikushuka tena. Alifariki hospitalini tarehe 2 Julai 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 57. Daktari ameandika tansio. Sisi tunaandika tansio, na tunaandika ofisi ile.

Wanaonong'ona kwamba alikufa kwa mambo ya kitoto hawakuwepo uani kwake siku ile mzee Josué, aliyefiwa na mke na kukaa miezi mitatu bila kusema neno, alipoinua kichwa katikati ya katuni na kuuliza, "Alafu?" Mama Aimée alisimamisha picha, akafuta macho, akamsomea upya kutoka mwanzo.

Ameacha mume, Papa Timothée, watoto wanne, Héritier, Larissa, Grâce na Florentine, wajukuu saba, na watu wa uani, waliobakiza sehemu sita za katuni ile.

Televisheni bado iko ofisini. Mama Aimée alale kwa amani ile waliyomnyima.