Ghislain Kaumba, Mvunja Barafu wa Nchelenge

Tunamzika leo Ghislain Kaumba, aliyezaliwa Kilwa, upande wa Kongo, tarehe 4 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa mzee Sébastien na mama Emilienne. Mimi ni mdogo wake, Zéphirin. Nimepewa kazi ya kusoma, ingawa yeye angependa tumalize haraka watu wakale.

Alisoma shule ya misheni hapo Kilwa hadi darasa la sita. Hesabu aliziweza. Kifaransa kilimshinda kabisa, na kila swali la mwalimu alilijibu “oui”, yaani ndiyo, hata alipoulizwa jina lake.

Mwaka 1984 alivuka Ziwa Mweru, akapata kazi hapa Nchelenge, upande wa Zambia, kwenye ghala la mnunuzi wa samaki. Kazi yake ilikuwa kuvunja barafu kwa nyundo na kuwafunika nayo samaki wabichi kabla lori halijaondoka kwenda Kitwe. Mikono yake ilikuwa baridi daima. Watoto wa jirani wakishikwa na homa waliletwa kwake awawekee kiganja usoni. Kazi ilikuja na nyumba ya bosi, vyumba viwili nyuma ya ghala. Hapo ndipo alipofungika.

Tarehe 16 Agosti 1986 alimwoa Idah Chibwe wa Kabuta, mkausha samaki. Idah alimfundisha Kibemba, naye akamfundisha Kiswahili chetu, wakawa wanagombana kwa lugha zote mbili.

Mwezi Mei mwaka huu wavuvi na wauza samaki walichoshwa na bei ambayo wanunuzi walikuwa wakiipanga peke yao. Wakakubaliana kwamba samaki wabichi hawatauzwa, wote watakaushwa motoni. Idah alikuwa mbele ya wanawake. Wanunuzi wakaanza kuleta samaki kutoka ng’ambo ya ziwa, na bila barafu wangeoza, ndiyo maana Ghislain aliombwa aache nyundo.

“Nikiacha barafu, batoto banalala wapi?” alisema. “Kwetu kuko vita.”

Idah akamjibu, akimwita kwa Kibemba baba wa mtoto wao Hénoc, “Tutalala ku moto wa samaki, bote. Acha nyundo, bashi Hénoc.”

Akaiacha. Alikaa nje ya ghala katikati ya wanawake, akinywa chai, na sijawahi kumwona amefurahi vile. Malori yaliondoka matupu. Bosi hakupiga kelele. Alituma neno tu kwamba nyumba iwe wazi ifikapo Jumapili. Hakuna ndugu aliyekuwa na paa la kumpa, nami nikiwemo. Jumamosi Ghislain alirudi kwenye barafu, akapita mbele ya wanawake wale wale bila kuinua macho. Mgomo ukafa wiki hiyo.

Mwezi Julai alianza kukohoa. Daktari alisema ni nimonia, akamkataza baridi. Angeikwepa vipi? Alifariki hospitalini tarehe 9 Septemba 1999, Idah akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, Hénoc, Jessica, Patson na Chipego, pamoja na sisi ndugu zake. Bosi alileta mbao za jeneza, tunashukuru. Alisema pia kwamba familia itabaki kwenye nyumba kama mmoja wetu atashika kazi ya marehemu. Nilijitolea, akanikataa kwa kuwa sina kibali cha kufanya kazi huku. Hénoc ana miaka kumi na miwili. Basi mama Idah anaanza Jumatatu, siku ile ile wanawake wenzake wamepanga kugoma tena.

Mungu ampe ndugu yetu pumziko la amani. Nanyi mama zetu wakausha samaki wa Kabuta, Jumatatu mtamkuta Idah mlangoni mwa ghala, ameshika nyundo. Tafadhali, msimzomee.