Sifuri ya Ikupa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Ezron wa Kawetele, tuliyemzika juzi. Alifundisha kemia. Alifundisha vizuri, na alikuwa mkatili. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Huyu atasemwa.

Miaka ile ya mwanzo ya biashara huria, shule binafsi zilichipuka kama uyoga. Aliyofundisha yeye ilitaka matokeo ya kung'aa. Ukifeli mtihani wa majaribio, wa taifa huugusi.

Mwalimu alipenda kanuni ya fezi. Fezi ni hali: barafu, maji, mvuke. Kanuni inakuambia una uhuru wa kubadili mambo mangapi bila fezi hata moja kutoweka. "Hesabu vitu, toa fezi, jumlisha mbili!" aliimbisha darasa, fimbo mkononi. Mbili ni joto na presha.

Kwenye majaribio ya kidato cha sita akauliza: maji yanachemka katika sufuria wazi hapa Tukuyu, presha ya hewa haibadiliki. Uhuru ni ngapi? Binti yake, Ikupa, alikuwa darasani humo. Akaandika sifuri. Kitu ni kimoja, maji; fezi ni mbili, maji na mvuke; presha imeshashikwa, akaeleza, kwa hiyo jumlisha moja tu, si mbili. Chochea kuni utakavyo, maji yatapungua, joto halipandi.

Aliandika sifuri, akapewa sifuri. Baba akamsimamisha mbele ya wenzake: "Huyu hajui kujumlisha mbili. Mimi sizai wajinga."

Ikupa hakufanya mtihani wa taifa. Narudia, hakuufanya. Alikwenda Isongole kulima viazi, na analima huko mpaka leo.

Mwaka uliofuata mwalimu alinunua kitabu kipya Mbeya mjini. Akasoma humo: presha ikishikwa, jumlisha moja. Mjane wake anasimulia: "Chai ilimpoa mkononi. Nikamwambia, baba Ikupa, mwite mtoto. Akasema mwalimu hamwombi radhi mwanafunzi."

Kesho yake alifundisha kujumlisha moja, kwa maneno ya Ikupa. Narudia, kwa maneno ya Ikupa. Juzi mwanafunzi wake mmoja, sasa daktari, aliyatamka kaburini kama urithi wa mwalimu, watu wakalia. Ikupa alikuwa jikoni akisonga ugali wa waombolezaji.

Tulimfuata huko. "Kile kitabu nilikiona zamani," alisema. "Nikamngoja aseme mwenyewe. Nimemuuguza, nimemwogesha, namngoja. Neno lake la mwisho kwangu, alisema uji umezidi chumvi."

Poleni sana wafiwa; ndaga, kama tunavyopeana pole huku kwetu. Nawe unayesikiliza, kama kuna mtu ulimwonea na bado unapumua, zima redio uende kwake.

Ikupa, mimi ni mtangazaji tu, si baba yako. Jibu lako lilikuwa sahihi.