Líggjas wa Mashua ya Mipira

Jamaa, majirani na wanachama wa klabu mliobanana humu kanisani Hamravík, haya yameandikwa na mjane wa marehemu, Billa, kwenye meza ya jikoni, na anayeyasoma ni mwanawe Eyðfinn, kwa kuwa sauti ya mama yake wiki hii inafaa kugombeza tu.

Marehemu Líggjas Niclasen alizaliwa hapa Hamravík tarehe 9 Februari 1951, mtoto wa sita kati ya wanane, akasoma shule ya kijiji mpaka alipofika miaka kumi na minne, akatoka na hesabu nzuri, mwandiko mbaya, na mguu wa kushoto usiofaa kitu uwanjani, jambo ambalo makocha wanne walimweleza kwa zamu.

Mwaka 1965 alikwenda Greenland na meli ya kuvua chewa, akarudi mwaka 1974, akaingia kiwanda cha samaki cha hapa, akakata minofu mpaka alipostaafu mwaka 2016. Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Billa, ambaye siku ya kwanza hakumpenda, na ya pili pia, wakajaliwa watoto wawili, Eyðfinn na Marjun, na wajukuu watano.

Kazi yake nyingine, ile mnayomjua nayo, aliianza Aprili 1979, kwa sababu uwanja wetu umepakana na bahari, na mpira ukipaa juu ya ukuta hauna pengine pa kwenda, basi klabu ikampa mashua ndogo na wavu wenye mpini mrefu, na kwa miaka arobaini na mitano alikaa majini nyuma ya ukuta, mechi haioni, magoli akiyajua kwa kelele, na mpira ukianguka alikuwa ameshaufikia kabla mchezaji hajamaliza kutukana. Hakuwahi kuchelewesha mchezo, na hilo ndilo jambo pekee alilojisifia maishani.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2024 madaktari wa mji mkuu, Tórshavn, walimkuta na moyo uliochoka, wakamkataza makasia, wakampangia upasuaji Copenhagen tarehe 12 Septemba, naye akawajibu kwamba msimu unaisha Oktoba, kana kwamba madaktari nao wako kwenye ligi.

Msimu wenyewe mnaujua. Kwa mara ya kwanza tangu klabu iundwe tuliingia mashindano ya Ulaya, tukafungwa matatu bila kule Lithuania tarehe 11 Julai, na mechi ya nyumbani tarehe 18 ikabidi tukaichezee Tórshavn, kwa kuwa wakubwa wa Ulaya waliukataa uwanja wetu, na huko Líggjas alipewa koti la klabu na kiti, akatazama mechi nzima, sare ya bao moja kwa moja, na ndani ya basi la kurudi akamuuliza mkewe, "Kumbe huwa tunacheza vibaya hivi?" naye akamjibu, "Wewe miaka yote ulidhani zile kelele ni za furaha?"

Klabu zote nne za visiwa vyetu zilikuwa zimetolewa Ulaya kabla majani ya kondoo hayajakatwa, ila sisi ndio tulioumia zaidi, maana vijana wetu ni maseremala, walimu na watu wa kiwandani, likizo yao yote walikuwa wameimalizia Lithuania, wakawa wanakuja mazoezini wametoka kufanya zamu mbili mfululizo, tukapoteza mechi tisa katika kumi na moja. Na mkutano wa klabu wa majira ya kuchipua ulikuwa umeshaamua kwamba tukishuka daraja, klabu itaunganishwa na ile ya ng'ambo ya mlima, kwa jina lao, katika uwanja wao ulio mbali na maji.

Tarehe 12 Septemba kitanda cha Copenhagen kilipewa mtu mwingine. Billa alimwambia, "Ukifia kwenye hiyo mashua sitakuja kukuokota," naye akasema, "Wavu ninao, mwanamke, na una mpini mrefu."

Jumamosi tarehe 26 Oktoba, mechi ya mwisho, tulihitaji ushindi ili tubaki, sare isingetosha. Tulikuwa tunaongoza moja bila, upepo ukivuma kutoka mlimani, na kufika dakika ya themanini na moja mipira yote minane ilikuwa baharini, mchezo ukasimama, kijiji kizima kikaegemea ukuta kikimtazama mtu mmoja mwenye moyo mbovu. Hapo ndipo sauti ilipotoka ukutani, "Polepole, wewe mzee, unamkimbilia nani?" naye akainua uso, akatazama, akaenda polepole, akizunguka kila mpira kama anayeokota mayai.

Refa alisubiri, saa mkononi, akaongeza dakika kumi na moja. Katika ya kumi wageni walisawazisha kwa kona, nasi tukashuka. Líggjas alikuwa amerudi nyuma ya ukuta, na goli hilo alilijua kwa kimya.

Dukani mtu alimuuliza kama mashua ile ina breki. Mwenyekiti wa klabu, Bárður, ambaye si mtu mbaya, alimwambia, "Ungekwenda kama siku zote, Líggjas, refa asingeongeza hata tano," na ilikuwa kweli, naye akajibu, "Najua." Hakutoka tena nyumbani. Tarehe 2 Novemba alimwambia Marjun, "Nguvu za kwenda haraka nilikuwa nazo, mwanangu, hilo ndilo linaloniuma," na alipoulizwa ni nani aliyemwambia aende polepole, alisema upepo ulikuwa mkali, hakusikia sauti ya nani. Alifariki Jumanne tarehe 5 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu, uso ameuelekeza ukutani, akiamini ameiua klabu.

Alisikia vizuri sana. Sauti ile ilikuwa ya Billa, mkewe, na asije mtu hapa akasema kwamba aliuonea huruma moyo wa mumewe, hapana, alitaka dakika zipotee tushinde, na siku kumi alizobaki nazo mumewe hakumwambia neno hata moja la kumpunguzia mzigo. Mwenye kinyongo na mashua ile amfuate yeye, nyumba ya buluu juu ya duka, kahawa ipo.

Familia inawashukuru madaktari wa Tórshavn kwa uvumilivu, majirani kwa nyama ya kondoo na mikate, wenzake wa kiwandani waliochimba kaburi kwenye mvua, na vijana wa klabu watakaobeba jeneza, ambao jana, bila kuombwa, waliipandisha mashua mpaka lango la makaburi.

Pumzika kwa amani, Líggjas, na safari hii nenda kwa mwendo wako mwenyewe.